Kisomo cha Tulizo, Si Sala ya Amani

Tumeletewa tena orodha ya istilahi za dini na falsafa ambamo shantipatha ya Wahindu imeitwa "sala ya amani". Sina budi kupinga. Maneno yote mawili yamekosewa, na kosa lake ni moja: walioyachagua hawakulitazama neno la Kisanskriti. Walichukua fasiri ya Kiingereza, wakaifasiri hiyo.

Msomaji anazijua dua zenyewe. Ni maneno machache yanayotangulia kusomwa kwa Upanishadi, na hufungwa kwa neno shanti likitamkwa mara tatu. Mashuhuri zaidi ni ile ya Taittiriya, ambayo mwalimu na mwanafunzi huisema pamoja kabla somo halijaanza. Wanaomba walindwe, walishwe, wapate nguvu za kufanya kazi kwa pamoja, walichojifunza king'ae, na wasichukiane. Hamna vita humo, hamna mkataba, hamna mipaka ya nchi.

Tuanze na shanti. Dhatu yake, yaani mzizi wake, ni sham, yenye maana ya kutulia, kukoma, kupoa. Moto uliozimika ni shanta, na hasira iliyoshuka ni shanta. Dhatu hiyo ikitiwa katika kauli ya kutendesha huwa shamayati, yaani hutuliza. Amani, kwa upande wake, limetoka Kiarabu, katika mzizi wa alifu, mimu na nuni. Ni ndugu wa imani na amana, na kiini chake ni hali ya mtu asiyehofia kudhuriwa. Neno la Kiingereza lililowapotosha wenzetu, peace, linatokana na pax ya Kilatini, na pax ni jamaa ya neno la Kilatini la mapatano. Kiini chake ni kufunga na kushikamanisha. Basi Mrumi alifunga mapatano, Mwarabu aliondokewa na hofu, Mhindi alitulia. Mizizi mitatu, mawazo matatu. Anayeyakoroga katika chungu kimoja hajafanya kazi ya istilahi.

Kiswahili kina mzizi wake wa Kibantu unaolandana na sham. Mzizi huo ni tua. Mchukuzi hutua mzigo, ndege hutua mtini, jua hutua. Ile l ya kale iliyodondoka katika tua imebaki katika tulia, na tulia ikazaa utulivu na tuliza, na tuliza ikazaa tulizo. Neno si geni. Ninachodai ni lipewe cheo cha istilahi.

Wapo wanaokubali kwamba amani haifai, kisha wakasimama kwenye utulivu. Wamekaribia, ila hawajafika. Utulivu ni hali tu. Shanti ni hali, na tena ni tendo linaloileta hali hiyo. Katika desturi za Veda, shanti ni jina la tambiko la kuondoa mkosi na kutuliza nguvu zilizochafuka. Tulizo linabeba yote mawili, kile kinachotuliza na kule kutulia kunakofuata. Mwingine alipendekeza suluhu. Suluhu hudai wagombanao wawili, na mwanafunzi anayeketi mbele ya mwalimu wake hajagombana na mtu.

Sababu ya kulitamka mara tatu inamaliza ubishi. Wafafanuzi wa Kihindu hutaja vyanzo vitatu vya udhia. Cha kwanza ni nguvu zilizo juu ya uwezo wa binadamu, kama radi, mafuriko na tetemeko la ardhi. Cha pili ni viumbe wengine, kama wanyama, wadudu, wezi na makelele ya jirani. Cha tatu ni nafsi yenyewe, kwa maradhi, uvivu na mawazo yanayotangatanga. Kila shanti inaelekezwa kwa chanzo kimoja. Mswahili hatafuti amani na radi wala amani na mbu. Hutafuta vitulie. Na dua maarufu ya Yajurveda huitaja shanti ya mbingu, ya anga, ya ardhi, ya maji, ya mimea. Maji yana tulizo, na kila mvuvi anajua hivyo. Amani ya maji ni maneno matupu.

Nilipoliwasilisha pendekezo hili kwa wahusika nilijibiwa kwa sentensi moja, kwamba tulizo "linanuka dawa" na amani "imeshazoeleka". Jibu hilo liliniudhi, na bado linaniudhi. Dawa ya kutuliza maumivu ndiyo ushahidi wangu: inaonyesha kwamba wasemaji wanalielewa neno bila kufundishwa. Ama mazoea, kazi ya kamati ya istilahi ni kuyapima, haikuundwa ili iyapigie mhuri.

Sasa patha. Dhatu path ni kusoma kwa sauti, kukariri, kujifunza. Ndiyo iliyomo katika pathashala, shule. Sala haina maana hiyo. Kisomo kinayo kamili. Pwani tunasema kisomo kwa kukusanyika kusoma kwa sauti maneno matakatifu, na Tanzania ilipoufanya mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kisomo lilikuwa tayari ndilo neno la madarasa ya kufuta ujinga. Neno moja limebeba dua na darasa, kama patha ilivyobeba. Sijui lugha nyingine iliyotayarishiwa zawadi kama hii, na inaniuma kuona tunaikataa.

Uhusiano huo wa elimu na tulizo ni wa kale, na umedumu. Debendranath Tagore alianzisha makao yake ya ibada huko Bengal mwaka 1863, na mahali pale pakaitwa Shantiniketan. Mwanawe Rabindranath akafungua shule papo hapo mwaka 1901, wanafunzi wakifundishwa chini ya miti. Niketan ni makao. Tukiandika "Makao ya Amani" msomaji atadhani ni kambi ya wakimbizi. Makao ya Tulizo yanamweleza kwa nini mtu angependa kusomea pale.

Niongeze jambo la sarufi. Kisanskriti kina umoja, uwili na wingi, na dua ya Taittiriya imesemwa kwa uwili: ni ya watu wawili hasa. Ile "sisi" tupu ya orodha imewageuza kuwa umati. Tuandike "sisi wawili", na mwishoni tutumie kauli ya kutendana, "tusichukiane", ambayo Kiingereza hulazimika kuizunguka kwa maneno mengi.

Kwa matumizi: kisomo cha tulizo, wingi visomo vya tulizo, mwishoni mwa dua, tulizo, tulizo, tulizo.

Mshairi T. S. Eliot alipolifunga shairi lake The Waste Land mwaka 1922 kwa neno shanti mara tatu, aliliacha katika Kisanskriti, maana Kiingereza hakikumpa la kutosha. Sisi tunalo. Orodha ifunguliwe upya, na safari hii wahariri waanzie kwenye dhatu.