Kuteua kitabu cha kwanza cha msomaji mchanga

Mzazi anayemnunulia kitabu mtoto anayeanza kusoma hana budi kutazama kwanza lugha anayoizungumza mtoto huyo, kabla ya gredi iliyoandikwa kwenye jalada. Katika Kiswahili na vilevile Dholuo, maneno mengi husomwa jinsi yanavyoandikwa. Mtoto aliyemudu silabi huweza kulitamka neno geni, lakini halielewi iwapo hajapata kulisikia.

Kwa mtoto wa Dunga, ufuoni mwa ziwa karibu na Kisumu, hadithi ya omena na mitumbwi ni nyepesi kuliko ya theluji. Marehemu Asenath Bole Odaga, aliyeanzisha kampuni ya uchapishaji mjini Kisumu, aliandika kwa Dholuo na Kiingereza, zikiwemo hadithi za watoto. Leo, mradi wa African Storybook hutoa hadithi za Kiswahili na Dholuo bila malipo kwenye intaneti.

Dholuo haina sauti za "sh" na "z", hivyo "shamba" huweza kutamkwa "samba". Kitabu cha kwanza cha Kiswahili kiwe na maneno machache ya aina hiyo, yanayorudiwarudiwa, sentensi fupi na maandishi makubwa.

Kabla ya kununua, mtoto asome ukurasa mmoja. Akikwama mara tano, kitabu ni kigumu. Kisha picha ifunikwe na aonyeshwe neno moja katikati ya sentensi. Asipolitambua, huenda amekariri tu, na aliyekariri hudhaniwa msomaji hadi apewe kitabu kingine.