Miaka 60 ya Ingwe, 1964–2024: Historia Fupi ya AFC Leopards, kwa Mashabiki wa Webuye

Kabla ya mwaka 1964 Waluhya wa Nairobi hawakuwa na timu moja. Walikuwa na timu nyingi ndogo, na kila moja ilikuwa na wazee wake, mfuko wake wa michango na majivuno yake. Palikuwa na Marama, Samia, Bunyore, Kisa, Tiriki, Bukhayo na nyingine. Wachezaji walikuwa vijana waliopanda treni kutoka Magharibi kwenda kutafuta kazi: makarani, mafundi wa reli, wapishi, askari, matarishi. Waliishi Kaloleni, Makongeni, Ziwani na Bahati, wakalala watano katika chumba kimoja, na Jumapili walivaa jezi ya kwao wakamenyana na ndugu zao wa lokesheni jirani kana kwamba urithi wa shamba ulikuwa hatarini.

Uhuru ulipopatikana Desemba 1963, ligi ya taifa ilikuwa imeanza mwaka huohuo, na Nakuru All-Stars ndio waliotwaa ubingwa wa kwanza. Mwaka uliofuata ukachukuliwa na Luo Union. Wazee wetu waliyaona hayo wakaelewa kwamba timu ya lokesheni moja, hata iwe hodari vipi, haitafika popote. Mwaka huohuo wa 1964 wakakubali jambo gumu kuliko yote katika siasa za vilabu, yaani kuvunja timu zao wenyewe. Waliunganisha nguvu, wachezaji na mifuko, wakaunda Abaluhya United, iliyokuja kujulikana tu kama Abaluhya F.C. Hakukuwa na tajiri mmoja nyuma yake wala kampuni. Kulikuwa na watu wa mshahara mdogo walioamua kutoa shilingi zao. Huo ndio msingi wa klabu hii, na ningeomba kila shabiki kijana aliyevaa buluu na nyeupe aufahamu vizuri kabla ya kuhesabu makombe.

Webuye wakati huo bado ilikuwa ikiitwa Broderick Falls, kituo cha reli kando ya Mto Nzoia, na kiwanda cha karatasi kilikuwa bado ndoto. Habari za timu zilitufikia kwa njia mbili, redio na ndugu wanaorudi likizo. Mwenye redio alikuwa mtu mkubwa. Siku ya mechi kiambo chake kilijaa wageni ambao hakuwaalika, na mama wa nyumba hiyo alijua kwamba kuku mmoja hatatosha.

Na sauti iliyotoka katika redio hizo ilikuwa na jina moja lililorudiwa kuliko yote: Kadenge na mpira! Joe Kadenge, kijana wa Vihiga, alikuwa na miguu iliyomfanya beki mzoefu aonekane mwanafunzi. Mtangazaji akishalitaja jina hilo hakuwa na haja ya kueleza zaidi, maana msikilizaji wa Bungoma au Kitale, ambaye hajawahi kukanyaga uwanja wa Nairobi, aliona kila kitu. Maneno hayo yakawa msemo wa nchi nzima, na mpaka leo hutumiwa na watu ambao baba zao hawakuwa wamezaliwa Kadenge alipokuwa akicheza. Hakutajirika kwa soka, kwa kuwa soka la siku zile halikutajirisha mtu. Alipofariki tarehe 7 Julai 2019, nchi ilimlilia kama kiongozi wa taifa, na ilistahili.

Pamoja naye alikuwapo Jonathan Niva, nguzo ya ulinzi, nahodha wa timu ya taifa, Harambee Stars, iliyoshiriki Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Kamerun mwaka 1972, mara ya kwanza kabisa kwa Kenya kufika huko. Ningeweza kujaza kurasa zote kwa watu hawa wawili, na wengine wengi waliotoka jasho nao watanisamehe. Abaluhya ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1966, ikaurudia 1967, kisha 1970 na 1973. Miaka tisa baada ya wazee kuvunja timu zao ndogo, makombe manne ya ligi yalikuwa kabatini.

Wakati huohuo, hapa nyumbani mambo yalianza kubadilika. Kampuni ya Pan African Paper Mills iliundwa mwaka 1969 na mitambo ikaanza kutoa karatasi mwaka 1974. Webuye ikawa mji. Vijana kutoka kila pembe ya Magharibi na Bonde la Ufa walikuja kufanya kazi kwa zamu, na kwa mara ya kwanza watu wetu wengi walikuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi bila kwenda Nairobi. Kwa mshahara huo safari za kwenda kuishangilia timu zikaanza kwa wingi. Watu walimaliza zamu yao Ijumaa, wakalala ndani ya basi, wakashuka Nairobi Jumamosi asubuhi, wakaimba mpaka sauti zikakauka, na Jumatatu wakawa kazini. Ngoma za isukuti zilisafiri pia, na zilikuwa na nafasi ya heshima zaidi ndani ya basi kuliko wazee wengine.

Kombe la kwanza la Afrika Mashariki na Kati lilikuja mwaka 1979 kutoka Mogadishu, ambako Abaluhya waliwashinda Kampala City Council katika fainali. Halafu ukaja mwaka 1980 na agizo la serikali kwamba vyama na vilabu vyenye majina ya makabila viyaache. Uchungu ulikuwepo, sitauficha, kwa sababu jina lile lilibebwa na watu waliochanga senti zao. Lakini uongozi ulitumia busara. Herufi zikabakia karibu zilezile, klabu ikawa All Footballers' Confederation, AFC Leopards, na chui, Ingwe kwa Kiluhya, ndiye alama yake. Luo Union nao wakawa Re-Union. Nani angesema kwamba klabu iliyobadilishwa jina itakuwa na nguvu zaidi? Ilitwaa ligi mwaka huohuo wa 1980, ikatwaa 1981, ikatwaa 1982.

Kikosi cha miaka hiyo ndicho kizuri kuliko vyote ambavyo soka la Kenya limepata kuviona, na nasema hivyo nikiwaheshimu kabisa watani wetu Gor Mahia. Langoni alisimama Mahmoud Abbas, mtoto wa Mombasa ambaye nchi ilimwita Kenya One. Yeye ndiye ushahidi kwamba All Footballers halikuwa jina la kujikinga tu, kwani Mswahili wa Pwani alikuwa kipenzi cha wazee wa Kakamega na Bungoma, na akina mama walimtaja katika sala. Mwaka 1982 kule Kampala ndiye aliyekuwa langoni Harambee Stars walipowashinda Uganda kwa penalti na kutwaa Kombe la Chalenji. Mbele alikuwapo Wilberforce Mulamba, fundi wa kati, na Joe Masiga, JJ, mwanafunzi wa udaktari wa meno aliyecheza soka na raga kwa kiwango cha kuivalia Kenya jezi zote mbili. Mtu huyo asubuhi alikuwa na vitabu vya udaktari na jioni alikuwa akiwapa mabeki usingizi mbaya.

Kwa vikosi hivyo Leopards walichukua Kombe la Vilabu la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo: Nairobi mwaka 1982 dhidi ya Rio Tinto wa Zimbabwe, Zanzibar mwaka 1983 dhidi ya ADMARC Tigers wa Malawi, na Kampala mwaka 1984 dhidi ya, naam, Gor Mahia. Hiyo fainali ya 1984, mashemeji wawili wa Kenya wakigombea kombe katika nchi ya jirani, itahadithiwa Webuye maadamu kuna mzee mmoja anayeikumbuka.

Baada ya hapo ubingwa wa ligi ulirudi 1986, 1988, 1989, 1992 na 1998. Mwaka 1997 lilikuja kombe la tano la Afrika Mashariki na Kati, kwa ushindi dhidi ya Kenya Breweries.

Karne mpya ilikuwa na majaribu yake. Mambo ya uongozi na fedha hayakwenda yote sawa, na kulikuwa na kipindi, katika muongo wa kwanza, ambacho klabu ilicheza nje ya Ligi Kuu. Sitaki kurudia nani alisema nini kwa nani. Ingwe ilirejea ligi ya juu msimu wa 2009. Ngao ya GOtv ilitwaliwa mwaka 2013 kwa kuwafunga Gor Mahia, na tena 2017 chini ya kocha Robert Matano. Madeni ya makocha na wachezaji wa zamani yalileta adhabu ya kutosajili, ikabebwa. Dan Shikanda, daktari aliyewahi kuivalia timu hii jezi, alichukua uenyekiti mwaka 2019. Wafadhili walikuja na kuondoka.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji wa Webuye asimame kidogo. Kule Korea Kusini klabu kubwa nyingi zilizaliwa na viwanda. Pohang Steelers ilianzishwa mwaka 1973 na kampuni ya chuma ya POSCO, na mpaka leo kampuni hiyo iko nyuma yake. Ni utaratibu mzuri kiwanda kikiwa hai. Sisi tunajua upande wa pili. Pan Paper ilifungwa mwaka 2009, na pamoja nayo zikaenda ajira, nyumba za kampuni zikachakaa, na michezo iliyotegemea mfuko wa kiwanda ikakosa pa kushika. Leopards haikuwa na kiwanda cha kuitegemea tangu siku ya kwanza. Mwaka uleule ambao moshi wa Webuye ulizimika, Ingwe ilikuwa ikicheza tena Ligi Kuu, na wale waliopoteza kazi walikuwa miongoni mwa waliotafuta nauli ya kwenda kuitazama.

Katika kuadhimisha miaka 60, shukrani ziwaendee wazee wa Marama, Kisa, Tiriki, Bunyore, Samia na Bukhayo waliokubali timu zao zife. Ziwaendee madereva wa mabasi, wapiga isukuti, na akina mama waliopika usiku kwa ajili ya safari na hawakuwahi kuiona mechi yenyewe. Ziwaendee pia waliosimama Bukhungu kule Kakamega na Sudi kule Bungoma, hata pale Nzoia Sugar, timu ya jirani zetu wa Bukembe, ilipokuwa mwenyeji na familia moja ikagawanyika viti. Wachezaji wote ambao majina yao hayakuingia hapa, na ni wengi mno, wanakumbukwa viamboni mwao, na mwenye picha zao za zamani aombwe azilete kwa wazee wa mashabiki wa hapa Webuye ili zikusanywe pamoja kabla ya kupotea.