Kamera wakati wa janga: Kazi ya mpigapicha wa habari kutoka Mukuyuni hadi Likoni

Uanahabari wa picha ni kazi isiyofanyika kwa simu. Mwandishi wa maneno aweza kuketi Nairobi, akampigia simu chifu wa Mukuyuni na kuandika aliyoambiwa. Mpigapicha hana njia hiyo. Asipofika, hana habari. Ndiyo maana maradhi ya kuambukiza huitatiza kazi yake kuliko kazi nyingine nyingi za chumba cha habari. Maradhi huenea watu wanapokaribiana, na picha nayo hupatikana watu wanapokaribiana.

Mukuyuni ni soko lililo katika vilima vya kaunti ya Makueni, kwenye barabara itokayo Machakos kuelekea Wote. Jina lake latokana na mti wa mkuyu, ambao Wakamba huuita mukuyu. Machi 13, 2020, aliyekuwa Waziri wa Afya, Bw Mutahi Kagwe, alitangaza kisa cha kwanza cha virusi vya corona nchini Kenya, siku mbili baada ya Shirika la Afya Duniani (WHO) kuutaja ugonjwa huo kuwa janga la ulimwengu. Aprili 6 mwaka huo serikali ilipiga marufuku kuingia na kutoka jiji la Nairobi na viunga vyake, amri iliyodumu hadi Julai 7. Kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zilifungwa vivyo hivyo siku mbili baada ya Nairobi.

Wapigapicha wengi wa vyombo vikubwa walijikuta ndani ya mipaka hiyo. Ingawa vyombo vya habari viliorodheshwa miongoni mwa watoaji wa huduma muhimu, safari ya kwenda Ukambani ilimaanisha vizuizi vya polisi, gharama, na hatari ya mgeni kutoka jijini kupeleka maradhi kijijini. Hivyo basi, sura ya janga ikawa sura ya jiji. Mashinani, kazi iliwaangukia wanahabari wanaoishi huko huko, ambao aghalabu hulipwa kwa kila habari au picha inayochapishwa, na ambao wengi wao hawana bima ya matibabu. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo hufanywa, sheria inayoiongoza na makosa yaliyotokea, kwa kuwa corona haikuwa janga la mwisho.

KUFIKA BILA KUPELEKA MARADHI

Swali la kwanza si picha gani itapigwa, bali kama kuna haja ya kwenda. Mpigapicha anayeingia boma moja, kisha zahanati, kisha mazishini, ni sawa na msafiri anayepita nyumba baada ya nyumba siku moja. Kwa sababu hiyo hupanga ziara zake kuanzia mahali penye hatari ndogo hadi penye hatari kubwa, wala si kinyume chake. Akitoka wodini, siku yake imekwisha.

Miezi ya mwanzo ya 2020 ilitawaliwa na hofu ya kushika vitu. Kamera zilifutwa kwa spiriti kila saa na mikanda yake kufuliwa kila jioni. Baadaye ilidhihirika kwamba virusi vya corona huenea zaidi kwa hewa, hasa ndani ya vyumba visivyo na madirisha ya kutosha. Usafi wa vifaa ungali na manufaa, lakini kinga kubwa ni kupiga picha nje, kufungua madirisha, kuvaa barakoa inayoubana uso vyema, na kukaa ndani kwa muda mfupi. Chini ya mkuyu ni bora kuliko sebuleni.

Lenzi ya kuvuta mbali humwezesha mpigapicha kusimama mita kadhaa kutoka kwa anayepigwa picha. Spiriti hupakwa kwenye mwili wa kamera, wala si kwenye kioo cha lenzi, kwani huenda ikaharibu utando wake. Mkoba hauwekwi sakafuni hospitalini. Kwa wanaoingia wodini wakiwa wamevaa mavazi kamili ya kujikinga, hatari kubwa huwa wakati wa kuyavua: hapo ndipo mkono uliochafuka hugusa uso. Mavazi hayo huvuliwa polepole, kwa utaratibu, mtu mwingine akitazama.

SHERIA NA RUNGU

Kafyu ya usiku ilianza Kenya Machi 27, 2020, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Siku hiyo hiyo, kwenye kivuko cha Likoni mjini Mombasa, polisi waliwapiga na kuwarushia vitoa machozi abiria waliokuwa wakisubiri feri kabla ya saa ya kafyu kufika. Mpigapicha wa runinga ya NTV aliyekuwa kazini hapo alipigwa, na tendo hilo likanaswa na kamera. Siku tatu baadaye mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao mtaani Kiamaiko, Nairobi, wakati wa msako wa kafyu. Aprili 1, Rais Uhuru Kenyatta aliwaomba Wakenya radhi kwa ukatili uliotendwa wakati wa kutekeleza amri hiyo. Ni vigumu kudhani kwamba radhi hizo zingetolewa upesi hivyo kama pasingekuwa na picha za Likoni.

Nchini Uganda, kanuni za kuzuia corona zilitumiwa kutawanya mikutano ya kampeni za uchaguzi wa Januari 2021. Desemba 27, 2020, wanahabari kadhaa waliokuwa wakifuata msafara wa mgombea urais Bobi Wine mjini Masaka walijeruhiwa na maafisa wa usalama, mmoja wao vibaya kichwani.

Kifungu cha 34 cha Katiba ya Kenya ya 2010 hulinda uhuru wa vyombo vya habari, na cha 35 haki ya kupata habari. Hata hivyo, kifungu cha 28 hulinda heshima ya kila mtu, na cha 31 faragha yake. Sheria ya Afya ya 2017 huzifanya habari za mgonjwa kuwa siri. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 huupa uanahabari nafuu fulani, lakini pale tu ambapo uchapishaji una manufaa kwa umma. Mpigapicha, kwa hiyo, ana haki ya kusimama barabarani na kamera yake. Hana haki ya kuingia wodini kwa sababu tu mlango u wazi.

MGONJWA NI MTU

Wagonjwa wa kwanza wa corona waliopona nchini Kenya walitambulishwa kwa taifa mwanzoni mwa Aprili 2020 ili kuwapa wananchi matumaini. Badala yake walikejeliwa mitandaoni, na picha za faragha zilizohusishwa na mmoja wao zikasambazwa. Mwezi huo huo, mazishi ya usiku ya mwanamume mmoja katika kaunti ya Siaya, aliyezikwa upesi bila jeneza na watu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga, yalirekodiwa na kuonekana nchi nzima. Video hiyo ilizua uchungu na hasira, na wengi wakaanza kuhoji jinsi serikali ilivyokuwa ikiwazika waliofariki. Picha zilizomdhuru mtu na picha zilizowatetea wafu zilitoka katika mwezi mmoja. Tofauti yake haikuwa kamera, bali sababu ya kuonyesha.

Katika soko kama Mukuyuni, tatizo la faragha ni zito kuliko mjini. Kuficha uso wa mgonjwa hakutoshi. Majirani watamtambua kwa lango la boma, kwa kitenge alichovaa, kwa ng'ombe aliyefungwa nyuma, hata kwa kilima kinachoonekana kwa mbali. Aliye Nairobi hataona lolote. Aliye Mukuyuni ataona yote, na ndiye atakayekataa kununua maziwa ya nyumba hiyo kesho yake. Kwa sababu hiyo mpigapicha makini hukagua pembe zote za picha kabla ya kuituma, na humwonyesha mhusika picha yenyewe kwenye kioo cha kamera.

Ridhaa huombwa kwa lugha ambayo mtu anaielewa vyema, na kwa wazee wengi wa Makueni na Kitui lugha hiyo ni Kikamba. Ruhusa ya chifu si ridhaa ya familia. Mtu mwenye homa kali, au aliyefiwa asubuhi hiyo, aweza kukubali leo na kujuta kesho; ni vyema kumuuliza tena kabla ya picha kuchapishwa.

Eneo hili lilishuhudia msiba mwingine wa kiafya kabla ya corona. Mwaka 2004, mahindi yaliyoota kuvu yenye sumu ya aflatoksini yaliwaathiri watu 317 mashariki mwa Kenya, na 125 kati yao wakafariki. Wilaya za Makueni na Kitui, kama zilivyoitwa wakati huo, ndizo zilizoumia zaidi. Sumu hiyo haikuambukizwa kutoka mtu hadi mtu, na chanzo chake kilionekana kwa macho: punje za mahindi zilizobadilika rangi. Mpigapicha aliweza kuketi jikoni na familia na kuonyesha ghala lake. Corona ilimnyima yote mawili, kwani chanzo hakikuonekana na jikoni hapakuingilika.

PICHA HUWEZA KUDANGANYA

Lenzi ile ile inayomkinga mpigapicha yaweza kumpotosha msomaji. Lenzi ya kuvuta mbali huwafanya watu walio mbalimbali waonekane wamesongamana. Aprili 2020, wapigapicha wawili wa shirika la Ritzau Scanpix la Denmark walipiga foleni zile zile kwa lenzi pana na kwa lenzi ndefu. Katika picha moja watu wameachana vyema. Katika nyingine wamebanana. Anayepiga picha ya foleni ya chakula au ya chanjo hana budi kupiga kutoka pande mbili, kisha achague ile iliyo karibu zaidi na ukweli aliouona.

Tarehe nayo ina uzito. Machi 2020, picha ya watu waliolala barabarani ilienezwa ikidaiwa kuwa ya maiti nchini Italia. Kwa hakika ilipigwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 2014, katika maonyesho ya kuwakumbuka wahanga wa kambi ya Wanazi. Nchini Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilisimamisha kwa miezi sita, Aprili 2020, leseni ya maudhui ya mtandaoni ya gazeti la Mwananchi na kulitoza faini ya Sh5 milioni. Kosa lililotajwa ni picha ya Rais John Magufuli akinunua samaki katikati ya umati, ambayo ilidaiwa kuwa ya zamani. Adhabu hiyo ilikosolewa na watetezi wa uhuru wa habari, lakini tukio lenyewe ladhihirisha jinsi tarehe ya picha iwezavyo kugharimu chombo kizima.

YALIYO NJE YA WODI

Janga halimo wodini pekee. Mwaka 2020 kiwanda cha nguo cha kaunti ya Kitui, KICOTEC, kiligeukia ushonaji wa barakoa, na picha za mafundi wake wakiwa kwenye safu za cherehani zikaonekana nchini na ng'ambo. Mtaani Kibera, mpigapicha Brian Inganga wa shirika la AP alipiga picha za wasichana waliosukwa nywele kwa mtindo ulioiga umbo la kirusi. Ulimwenguni, tuzo kuu ya World Press Photo ya 2021 ilimwendea Mads Nissen wa Denmark kwa picha ya ajuza wa miaka 85 akikumbatiwa na muuguzi kupitia pazia la plastiki jijini São Paulo, Brazil. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyohitaji kumwonyesha mtu akikata roho.

Makueni na Kitui zilikuwa na picha za aina hiyo tele: shule zilizofungwa tangu Machi 2020, ambazo hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2021, mazishi yaliyoruhusiwa watu 15 tu katika jamii ambayo mazishi hukusanya kijiji kizima, masoko ya wazi yaliyonyamaza. Ni mwenyeji ajuaye soko lilivyokuwa ndiye awezaye kuonyesha kilichokosekana.

ALIYE KARIBU

WHO ilitangaza mwisho wa dharura ya corona Mei 5, 2023. Julai 31, 2024, Kenya ilitangaza kisa chake cha kwanza cha homa ya nyani, kilichogunduliwa mpakani Taveta. Ugonjwa huo huacha alama kwenye ngozi, hivyo kishawishi cha kupiga picha ya mwili wa mgonjwa ni kikubwa kuliko wakati wa corona. Tayari Mei 2022 chama cha wanahabari wa kigeni barani Afrika kilikuwa kimelalamikia vyombo vya Magharibi vilivyotumia picha za watu weusi kueleza mlipuko uliokuwa Ulaya na Marekani.

Janga likija tena na barabara zikafungwa, mpigapicha wa kwanza Mukuyuni atakuwa yule anayeishi Mukuyuni. Hatahitaji kuvuka kizuizi wala hataleta maradhi kutoka jijini, na watu wanamjua. Lakini mwaka 2020, wakati kazi yake ilipohitajika zaidi, mashirika makubwa ya habari nchini yalikuwa yakipunguza mishahara na kuwaachisha watu kazi. Barakoa, bima, kitambulisho cha kazi kinachotambulika na polisi, na malipo ya siku nzima badala ya picha moja, ni vitu ambavyo mhariri humpa mtu kabla ya kizuizi kuwekwa, si baada yake.

Kila picha atakayoituma yafaa iandamane na maelezo kamili: mahali, siku, saa, na kilichokuwa kikitendeka. Jina la mgonjwa laweza kuachwa, tarehe haiachwi.