Walemavu na Mawe ya Wagiriki

Mwaka 2020 Ugiriki ilitandaza njia za zege na kuweka lifti mpya kwenye kilima cha Akropoli, Athens, ili watalii walemavu nao wafike. Kelele zikazuka: uhalisi umepotea! Zege kweli limezidi, nakubali. Lakini uhalisi upi? Mwaka huohuo mtafiti Debby Sneed alionyesha kwamba Epidauros, kwenye mahekalu ya Asklepios, mungu wa tiba, kulikuwa na njia za mteremko 11 za mawe, kazi ya karne ya 4 kabla ya Kristo. Wapo wataalamu wasemao zilikuwa za kila mtu. Mimi nasadiki kwamba wagonjwa walifikiriwa. Korintho, kwa mungu huyohuyo, imechimbuliwa miguu ya udongo, sadaka za walioomba uponyaji au kuushukuru.