Chai ya Mgeni

Ndugu msomaji, ukifika kwetu Tukuyu mwezi wa Februari jiandae kulowa. Ndiyo mvua zenyewe. Lakini usihofu. Bisha hodi nyumba yoyote, kabla hujaulizwa kilichokuleta utaambiwa "Ndaga!", utapewa kigoda na kikombe cha chai. Marehemu bibi yangu alikuwa akisema mgeni haulizwi shida zake huku koo limemkauka.

Chai yenyewe si ya asili yetu. Wajerumani waliipanda Kyimbila mwaka 1904, na hata neno "chai" chimbuko lake ni China. Basi nikajiuliza: wenye chai yao, wao humpokeaje mgeni?

Siku yao kubwa ni Mwaka Mpya wa jadi. Huhesabiwa kwa mwezi, huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20. Mkesha wake kila mtu hurudi kwao, ukoo ule meza moja. Kesho yake ziara zinaanza, wazee kwanza. Mgeni haendi mikono mitupu: hubeba matunda au vitu vitamu, na hukabidhi kwa mikono miwili. Saa ya ukutani hapeleki ng'o, maana kwa Kichina maneno "kumpa mtu saa" hutamkwa sawa na kumsindikiza katika kifo. Watoto hupewa pesa ndani ya bahasha nyekundu. Siku hiyo ya kwanza nyumba haifagiliwi, bahati isije ikatoka na takataka.

Siku ya pili binti aliyeolewa huenda kwao na mumewe. Hapo nilikumbuka Wanyakyusa wa zamani: mke hakuruhusiwa hata kumtazama baba mkwe wake, akimwona njiani anajificha! Kila watu na heshima zao.

Sasa sikiliza historia. Septemba 1967 Tanzania, Zambia na China zilitia sahihi makubaliano ya reli mjini Peking. Mwaka huohuo, katika vurugu za Mapinduzi ya Utamaduni, serikali ya China ilikuwa imeifuta likizo ya sikukuu hiyo. Haikurudishwa mpaka 1980. Reli ikajengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikipita Mbeya, jirani zetu kabisa. Wachina wapatao 50,000 walipokezana kazi hiyo. Kwa hiyo mjenzi wa reli aliikosa siku yake mara mbili: kwao imefutwa, na yeye mwenyewe yuko ng'ambo, kambini, mbali na mke na watoto. Zaidi ya 60 walifia kazini. Baadhi yao wamelala Gongo la Mboto, Dar es Salaam.

Shuleni tulikariri kilomita, madaraja na mahandaki. Mimi ninayeota kuandika riwaya naitaka jioni moja tu: Februari 3, 1973, siku ya mwaka mpya wao, miezi michache kabla reli haijafika Tunduma. Mvua inapiga turubai. Kijana wa rika langu kashika kikombe, anawaza mama yake kaandaa nini.

Wazee waliofanya kazi naye wanazidi kupungua. Mwandishi mwenzangu, kama babu yako alishika sururu pale Mbeya, nenda kamuulize leo: jioni kama ile, nani alibisha hodi kwa nani? Ila mpe chai kwanza.