Dodoma kwa Mpenda Mvinyo Mkavu

Mpenda mvinyo mkavu akiagiza mvinyo wa Dodoma bila kutaja aina, kuna uwezekano mkubwa ataletewa chupa tamu. Asiulaumu udongo. Utamu huo umeletwa na soko, na soko hilo lina historia yake.

Historia hiyo inaanzia Bihawana, kando ya barabara ya Iringa. Katikati ya karne ya 20 wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia walipanda mizabibu huko, kwa kuwa walihitaji divai ya misa. Ugogo, nchi ya Wagogo inayoizunguka Dodoma, ilifahamika kwa uwele, mtama, ng'ombe na miaka ya njaa. Lakini jua kali, hewa kavu, udongo wa kichanga na mwinuko wa mita zipatazo 1,100 viliukubali mmea huo wa kigeni.

Ulaya mzabibu hulazwa na majira ya baridi. Dodoma anayeulaza ni mkulima: hupunguza maji, kisha huupogoa kwa mkasi mpaka vikonyo vibaki vifupi, nao huchipua upya. Kwa hiyo huvuna mara mbili kwa mwaka. Zabibu za wakati wa mvua husumbuliwa sana na ukungu. Za kiangazi, Agosti na Septemba, huiva kwa sukari nyingi, na sukari hiyo ikiachwa ichachuke mpaka iishe, unapata mvinyo mkavu wenye nguvu.

Baada ya uhuru serikali ilianzisha kampuni yake ya mvinyo, DOWICO, na utafiti wa zabibu ukapata makao Makutupora, jina ambalo zabibu nyekundu ya huko inalibeba hadi leo. DOWICO ilipokufa, wakulima walibaki na mashamba yasiyo na mnunuzi wa uhakika. Zabibu hazisubiri; siku chache tu baada ya kukatwa zimeanza kuharibika. Wengi wakazikamua wenyewe na kuuza mchuzi wa zabibu, ambao nao bila matangi ya ubaridi huchacha vibaya. Naamini hapo ndipo utamu ulipojipatia nafasi, maana sukari huficha kasoro nyingi. Mvinyo mkavu hauna pa kujificha.

Ndiyo maana naithamini Hombolo, hapo hapo Dodoma. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya CETAWICO ilijenga kiwanda huko, karibu na mashamba yenyewe, zabibu zisichoke njiani. Chenin Blanc yake kavu ina ukali safi kama wa ndimu. Nyekundu ya Makutupora ni nzito kidogo, inakausha ulimi, na kwa mbuzi wa kuchoma sijui cha kuishinda.

Ukitaka kwenda, chagua msimu wa mavuno ya kiangazi na upige simu kabla, maana viwanda vya mvinyo vya Dodoma vimejengwa kwa kazi, si kwa watalii. Omba kuonja kutoka kwenye tangi, na useme mapema kwamba unataka mkavu.