Mapango ya Elgon na Mvuto wa Riwaya za Ajabu

Yako madai kwamba riwaya ya ajabu ni kimbilio la msomaji aliyechoshwa na dunia yake. Makala haya yanayapinga kwa ushahidi wa mahali pamoja: mapango ya Mlima Elgon, ulioko magharibi ya Kitale na kaskazini ya Bungoma.

Mwaka 1883 Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti, aliyafikia mapango hayo akawakuta watu wakiishi humo pamoja na mifugo yao. Alipowauliza ni nani aliyeyachimba, walimjibu kuwa ni kazi ya Mungu. Thomson hakuridhika. Katika kitabu chake cha mwaka 1885 alikata shauri kwamba yalichimbwa zamani za kale na taifa lenye nguvu na ustaarabu, lililokuwa likitafuta vito au madini ya thamani. Mwaka huo huo H. Rider Haggard alitoa riwaya yake juu ya machimbo ya Mfalme Sulemani; na katika Allan Quatermain, ya mwaka 1887, alikiri kufaidika na kitabu cha Thomson. Hatudai kwamba mtunzi alinakili mapango ya Elgon. Tunalosema ni kwamba wawili hao waliota ndoto moja: Afrika yenye maajabu, lakini maajabu yasiyokuwa ya Waafrika.

Ndoto hiyo ilitufikia kwa lugha yetu wenyewe. Mwaka 1929 ilitoka tafsiri ya Frederick Johnson, Mashimo ya Mfalme Sulemani, ikawa kitabu cha shule. Je, walioifurahia walihadaika? Sidhani. Aliyelelewa kwa ngano za mazimwi hahitaji kufundishwa kustaajabu, wala hashindwi kuipokea safari na kuiacha dharau iliyofungashwa nayo.

Na ukweli wenyewe umeishinda riwaya. Miamba ya Elgon ina chumvi. Katika pango la Kitum ndovu huingia gizani wakaichimba kwa pembe zao. Nao wenyeji wamekuwa wakiichimba kwa ajili ya mifugo. Baadhi ya wachimbaji aliowatafuta Thomson katika zamani za kale walikuwa wamesimama mbele yake.

Haya ndiyo aliyoyafahamu Katama Mkangi, mwanasosholojia aliyewekwa kizuizini mwaka 1986. Katika Walenisi (1995) alimpandisha mhusika wake, Dzombo, katika chombo cha angani, akamfikisha kwenye nchi ya usawa. Chombo ni kigeni, safari ni ya mbali, lakini jina la nchi hiyo ni sentensi ya Kiswahili: wale ni sisi.

Basi mvuto wa riwaya hizi haumo katika kuikimbia dunia. Msomaji huenda mbali ili aulize swali ambalo nyumbani ni vigumu kuliuliza: maajabu haya ni ya nani? Thomson aliuliza, asiamini kuwa jibu lilikuwa karibu. Ni wajibu wetu, tunaofundisha fasihi, kumfikisha mwanafunzi wa Kitale na wa Bungoma kwenye jibu hilo.